Anti, nimeandika igizo la Krismasi Maria akiwa ametoka leba, sasa kanisani hawanisalimii

Anti shikamoo,

Mi ni mama wa mtoto mmoja, wa kiume, ana miezi mitano sasa, tunaishi Moshi na mume wangu kwenye kihamba cha kwao, nyumba ya mama mkwe iko hapo juu yetu kwahiyo kuonana ni kila siku.

Mwalimu wa Sande skuli aliniomba niandike igizo la mkesha wa Krismasi maana nimekuwa nikiandika maigizo ya vijana tangu sijaolewa, nikakubali, nikawa naliandika usiku mtoto akiamka kunyonya, mkono mmoja mtoto mkono mwingine simu. Sa Anti yale maigizo ya kila mwaka unayajua, Maria anaingia na shuka la bluu limenyooshwa pasi, anakaa, mdoli unatolewa chini ya kiti, kwaya inaimba, tumemaliza. Yaani huyo mwanamke kajifungua sasa hivi na hana hata jasho! Nikasema mwaka huu Maria awe mzazi kweli.

Basi igizo linaanza Yusufu anahangaika na safari ya Bethlehemu kwenda kujiandikisha, kila mtu anaenda kwao, ndo kama sisi huku Desemba mabasi ya kutoka Dar yanavyofurika, wanafika kwa ndugu nyumba imejaa mashangazi na mabinamu, mjomba mmoja anamwambia Maria "we mwembamba, jibane hapo mlangoni" na Maria tumbo ni la miezi tisa. Halafu uchungu unaanza, Maria anapiga kelele, kamkaba Yusufu shati, Yusufu anamwambia "pumua", Maria anamjibu "Yusufu usinifundishe kupumua nimeanza kupumua kabla sijakujua". Mtoto anazaliwa, Maria ndo anafumba macho, hodi! Wachungaji wa kondoo, usiku wa manane, wananuka zizi, mmoja ananyoosha mikono ambebe mtoto, Maria anamwambia "nawa kwanza", mwingine anauliza "mbona mdogo hivi, maziwa yanatoka?", wa tatu anainama anamwangalia mtoto anasema "sasa huyu kafanana na nani?" hapo wote wanamgeukia Yusufu na Yusufu anatazama dari. Mwisho wanakuja mamajusi na dhahabu na uvumba na manemane, Maria anawaambia "asanteni baba zangu, ila hakuna hata mmoja aliyekumbuka pampasi?"

Siku ya mazoezi watu walicheka mpaka mwalimu wa kwaya akaketi chini. Kumbe mzee mmoja wa kanisa alikuwa amesimama mlangoni, akasubiri tumalize akasema haya ni matusi kwa Mama wa Bwana, akaondoka. Jioni ikawa ndo habari ya grupu la WhatsApp la kanisa, kila mtu anaandika lake, sasa hivi kuna kina mama wananipita kama hawanioni.

Kilichoniumiza zaidi ni mama mkwe. Aliniita jikoni kwake akaniambia Maria hakupiga zile kelele, wewe ulipata uzazi mgumu na hasira zako unammwagia Mama wa Bwana. Anti nililia. Maana ni kweli leba yangu ilikuwa ndefu na mwisho nikapasuliwa, na niliporudi nyumbani wageni walijaa tangu siku ya kwanza, mshono haujakauka nakaa sebuleni napokea watu, kila mmoja ana neno lake kuhusu maziwa yangu na mwingine eti mtoto kichwa kirefu. Mtori mama mkwe alikuwa ananiletea kila siku, siwezi kumsema kwa hilo, ila kulala sikulala.

Mume wangu anasema futa tu yaishe. Je Anti, kucheka kwenye habari ya kuzaliwa Yesu ni dhambi? Nifute? Na mama mkwe nifanyeje, maana chakula tunapelekeana kama kawaida ila hatuongei.

Mama Kifungua Mimba, Moshi

*

Marahaba mwanangu, pole na hongera.

Igizo usilifute. Kuna mstari mmoja wa kutoa na nitakuambia ni upi, kuna pengine pa kurekebisha, lakini dhambi sioni, na nimelisoma mara ya pili nikiwa peke yangu sebuleni nikacheka kwa sauti kwenye hilo la kupumua.

Tuanze na kucheka kwenyewe. Mwanamke wa kwanza kwenye Biblia kupewa mtoto kwa ahadi ya namna hii ni Sara, bibi wa miaka 90, alipoambiwa atazaa alicheka, na alipojifungua kweli akasema "Mungu amenifanyia kicheko, kila asikiaye atacheka pamoja nami". Akawa anawaalika watu wacheke. Halafu nenda Luka sura ya kwanza uisome kama mzazi, usiisome kama wanavyoisoma watu siku ya kipaimara. Zakaria anabishana na malaika, anafungwa mdomo mpaka mtoto azaliwe, yaani Elizabeti alibeba mimba yote na mume asiyeweza kutamka neno! Mtoto anazaliwa, siku ya nane majirani na ndugu wamejaa, wameshaamua jina, ataitwa Zakaria kama baba yake, mama mtu anasema hapana ataitwa Yohana, unajua walimjibu nini? Kwamba kwenu hakuna mtu mwenye jina hilo. Wakampita mama wakaenda kumuuliza baba kwa ishara, baba akaomba kibao akaandika jina lile lile alilosema mkewe. Hiyo ni Biblia mwanangu, hujaitunga wewe, na hakuna mama aliyezaa hapo Moshi asiyewajua hao ndugu wa jina.

Kwahiyo ukiweka ndugu wenye midomo kwenye igizo humtukani mtu, unamfuata Luka.

Sasa kuhusu Maria. Luka ametuandikia kuzaa kwake kwa mstari mmoja tu, alizaa, akamvika mtoto nguo za kitoto, akamlaza horini kwa kuwa hawakupata nafasi. Mstari mmoja! Na ukiutazama vizuri anayefanya kazi zote humo ni Maria mwenyewe, ndo kazaa, ndo anavisha, ndo analaza. Nani alimshika mgongo, nani alikata kitovu, nani alichemsha maji, hakuna. Msichana ametoka Nazareti, zaidi ya kilometa 100 na mguu, mama yake hayupo. Na usidhani ni wewe wa kwanza kuuliza mkunga alikuwa wapi. Wakristo wa karne ya 2 tayari lilikuwa linawakera, kuna maandishi ya zamani yanaitwa Injili ya Yakobo, hayamo kwenye Biblia yetu na sikuambii uyahubiri, humo Yusufu anamwacha Maria pangoni anatoka mbio kutafuta mkunga wa Kiebrania, anampata njiani, na anatokea na mwanamke mwingine anaitwa Salome. Ndo maana kwenye picha takatifu za makanisa ya Kiorthodoksi ukiziangalia za Kuzaliwa, Maria amelala kwenye godoro kama mzazi yeyote, chini wanawake wawili wanamwogesha mtoto, na Yusufu kakaa pembeni peke yake na mkono shavuni, hana la kufanya! Watu wamesali mbele ya picha hizo kwa mamia ya miaka. Mwambie mzee huyo kwa adabu kwamba Maria aliyechoka ni wa siku nyingi kanisani.

Hilo la nyumba kujaa ndugu na mtoto kulazwa horini uliache lilivyo, maana wasomi wengi wanasema nyumba za wanakijiji wa huko enzi hizo watu na wanyama walilala chini ya paa moja, hori liko humo humo ndani. Wazee wenu wa hapo mlimani hawahitaji kuelezwa hili, bibi zao walizalia kwenye msonge na ng'ombe yuko ndani anatafuna majani ya migomba. Muulize mama mkwe atakuambia.

Sasa kelele za uchungu. Hapa mama mkwe hajaongea ovyo. Kuna mafundisho ya zamani sana, Wakatoliki na Waorthodoksi wanayashika, kwamba Maria alijifungua bila uchungu, na mkesha wa Krismasi kanisani kwenu mtakuwa na majirani wa kila dhehebu. Kuna wengine wanasoma Ufunuo 12, yule mwanamke aliyevikwa jua, analia akiwa na utungu wa kuzaa, wanaona ndo yeye. Hilo hutalimaliza wewe kwa igizo la nusu saa. Lakini mi sababu yangu ni nyingine. Humo kwenye mabenchi atakuwepo mwanamke aliyepiga kelele hizo hizo akarudi nyumbani mikono mitupu, labda mwaka huu huu, na amekuja kanisani kutafuta faraja kidogo, we unamrudisha leba na maspika. Toa kelele. Weka pazia, Maria na kina mama waingie nyuma ya pazia, mbele abaki Yusufu na ndugu zake wa kiume, hawajui wakae wapi, mmoja anauliza maji ya moto ni ya nini, na sauti ya Maria itoke nyuma ya pazia mara moja tu, "Yusufu usinifundishe kupumua". Watacheka zaidi kuliko mwanzo maana watamwona Yusufu usoni, na yule mama wa benchi la nyuma hujamgusa.

Mstari wa kutoa ni huo wa "kafanana na nani". Leo leo, kabla hujapika. Najua ndo uliochekesha kuliko yote, na wageni wa uzazi wote wanauuliza, lakini kwa Maria swali hilo si la mzaha. Soma Mathayo 1. Yusufu alitaka kumwacha kwa siri asimwaibishe, maana msichana aliyeposwa akionekana na mimba kwa sheria ya kwao angeweza hata kupigwa mawe. Hilo swali lilikuwa roho yake. Sehemu nyingine zote za igizo lako tunawacheka watu wanaomzunguka mzazi, hao ndugu, hao wageni, Yusufu na kupumua kwake, hapo tu ndo tunamcheka mwenyewe na heshima yake, na nadhani hata mzee wa kanisa angeyavumilia mengine kama asingelisikia hilo. Mpe mchungaji wa tatu swali lingine, aulize kama kuna chakula.

Wachungaji waache waje na harufu yao. Hawa ni wa Luka kabisa, walikuja usiku ule ule, na Maria alipokea wanaume asiowajua wakimsimulia habari za malaika wakati hata hajajinyoosha. "Nawa kwanza" ibaki, tena waseme watoto wote wa Sande skuli kwa pamoja.

Mamajusi ndo ningekuomba uandike upya, maana hapo Neno lenyewe lina utamu kuliko pampasi. Mathayo anasema waliingia nyumbani wakamwona mtoto na mama yake, hatajwi mchungaji wala malaika pale, wala hajasema walikuwa watatu, na Herode alipoua watoto wa Bethlehemu aliua wa miaka miwili kushuka chini kulingana na muda aliouliza kwao. Kwahiyo inawezekana kabisa mtoto alikuwa anatambaa au anatembea! Hebu fikiria, watu wakubwa kutoka mashariki wamepiga magoti na majoho yao, mtoto kamvuta mmoja ndevu, kachukua dhahabu kaweka mdomoni, Maria anakimbia kumtoa. Mwanao ana miezi mitano, Desemba hiyo mpe kazi hiyo, atakuwa anaweka kila kitu mdomoni bila kufundishwa.

Na zawadi zenyewe usizidharau. Mi nimekulia Tanga, mzazi akirudi nyumbani chumba kinafukizwa ubani, na uvumba wa mamajusi ni huo huo ubani, utomvu wa mti unaoota Somalia, Yemen na Dhofar huko Oman. Manemane nayo ni utomvu, watu wa zamani walikuwa wanaitia kwenye vidonda. Mwanamke ndani ya nyumba akiona hivyo vitu viwili anajua pa kuviweka. Na dhahabu, mamajusi walipokwisha kwenda zao Yusufu kaambiwa ndotoni achukue mtoto na mama yake wakimbilie Misri, hiyo nauli mwanangu.

Mzee wa kanisa usijibizane naye kwenye grupu, hata neno moja usiandike. Nenda kwake na mumeo, mwambie mstari aliosikia umetoa na umuombe awe msomaji, kabla ya kila onesho asimame asome Luka au Mathayo kwa sauti yake, kisha vijana waigize. Hapo kila mtu atajua Neno ni lipi na maigizo ni yapi, na nadhani hiyo ndo hofu yake, kwamba watoto wataondoka wakidhani Maria aliomba pampasi kweli. Si hofu ya kijinga.

Sasa mama mkwe. Alipokuambia unammwagia Maria hasira zako alikuumiza, na nusu ya maneno hayo ni kweli ila hayana ubaya anaoudhani. Kuzaa kwako ndo kumekufanya uone kwamba Maria yule wa shuka la pasi hajajifungua. Ungeandika hili kabla hujazaa? Usingeandika. Lakini kuna kitu na wewe unamdai hujawahi kumwambia, kwamba ulihitaji kulala na nyumba ikajaa watu. Sheria ya Musa ilimpa mzazi wa mtoto wa kiume siku 40 kabla ya kwenda hekaluni, Maria alizikaa, ndipo wakapanda Yerusalemu na ndege wawili, sadaka ya wasio na uwezo wa mwanakondoo. Siku 40 hizo huku kwetu pwani tunaita arobaini na hata sisi tumeiharibu, mzazi yuko ndani lakini mlango uko wazi asubuhi mpaka usiku. Mwambie mama mkwe hivyo hivyo, mama asante kwa mtori, mtori ulinisimamisha, ila wageni walinimaliza. Anza na mtori.

Na kabla ya hapo muulize yeye alimzaaje mumeo. Nani alikuwepo, alizalia wapi, nani alimpikia, alilia? Nina uhakika hakuna aliyewahi kumuuliza. Kaa kwenye kigoda jikoni kwake umpe mtoto ambebe halafu usikilize mpaka mwisho, usimkatishe kumweleza ya kwako. Akishamaliza ndo umuombe aigize Elizabeti. Maria baada ya kupewa habari na malaika alifunga safari mpaka milima ya Yudea kwa mwanamke mzee mwenye mimba, akakaa naye kama miezi mitatu, na Elizabeti alipomwona alipaza sauti kwa nguvu akambariki. Mama mkwe wako na mto tumboni chini ya kitenge, anapaza sauti mbele ya kanisa zima! Na huyo Zakaria wake asiyeongea mtafutieni mzee mwenye uso wa kuchekesha.

Mumeo mwambie "futa tu yaishe" sijaipokea. Kazi yake kwa sasa ni mlango, mgeni akija wewe umelala yeye ndo anasema mama mtoto amepumzika karibu chai, na wewe hutoki. Usiku mmoja mmoja mtoto akiamka yeye ndo akuletee unyonyeshe ukiwa umelala kisha amrudishe yeye. Na nikuulize kitu, unalia mara kwa mara? Usiku mtoto akilala wewe unalala au unakodoa macho? Kama kulia kumekuwa kwa siku nyingi mfululizo, au hujisikii chochote kwa mtoto, siku ya kliniki usiishie kwenye mizani, mwambie nesi kama ulivyoniambia mimi. Kuna ugonjwa wa huzuni baada ya kuzaa, unawapata kina mama wengi na unatibika, na hauhusiani na imani yako kuwa ndogo.

Igizo ukishalirekebisha lichapishe nakala mbili, moja mpelekee mchungaji mkononi wewe mwenyewe kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, ya pili mpe mzee akafanye mazoezi ya kusoma, na mwalimu wa Sande skuli mwambie atafute pazia zito maana la kanisani la kawaida mwanga wa taa ukipiga kwa nyuma wanaonekana wote.

Anti